Kabla ya Kulipia Darasa la Kwanza, Omba Kuona Madaftari

Mwaka wa masomo Tanzania huanza Januari, kwa hiyo mzazi anayezunguka shule mwezi Desemba hukuta madarasa matupu na mhasibu. Nenda Septemba au Oktoba, uombe kukaa nyuma ya darasa la kwanza kwa kipindi kimoja. Shule inayokutembeza kwenye mabasi na bembea lakini inakataa ombi hilo imeshakujibu.

Kwanza, sikiliza usomaji. Silabi za Kiswahili hujengwa kwa sauti: /b/ na /a/ huzaa «ba». Mwalimu anayefundisha jina la herufi, «be», atapata mtoto anayekwama kwenye «be-a». Tena usidanganywe na kuitikia kwa pamoja, kwani watoto watano wanaojua huwabeba arobaini wasiojua. Mwalimu mzuri huchanganya silabi ubaoni, kisha humwita mmoja mmoja. Wengi hukwama wakifika kwenye ch, dh, ny, ng', na zaidi mb, mw na nyw. Ukiruhusiwa, mwandikie mtoto wa darasa la pili maneno yasiyokuwepo: «tamulo», «mbishu», «nywigu». Aliyekariri kitabu atabahatisha, ila anayejua kusoma atayasoma, pengine huku akicheka.

Halafu madaftari. Omba matatu ya darasa moja: la mtoto hodari, la wa kati na la anayesuasua. Yakifanana neno kwa neno, watoto wananakili ubao tu. Unachotafuta ni imla, sentensi alizotunga mtoto mwenyewe, makosa yaliyosahihishwa na kurudiwa. Alama ya vema juu ya jibu lisilo sahihi ina maana mwalimu anatia tiki bila kusoma.

Kwenye hesabu, kuimba moja hadi mia hakutoshi. Tafuta vizibo, mbegu, na vijiti vilivyofungwa kumikumi, ili 34 iwe mafungu matatu na vijiti vinne mkononi. Asiyepitia hatua hiyo, ukimpa 42 − 17 huandika 35: ametoa 2 kwenye 7 kwa sababu ndiyo njia iliyo rahisi, na hajui kwamba fungu moja linafunguliwa.

Shule za Kiingereza zina swali lake. Uliza watoto huongea na kusikiliza kwa muda gani kabla ya kupewa kitabu. Herufi za Kiingereza hubadili sauti ovyo, na mtoto asiyeisikia lugha hiyo nyumbani anaweza kusoma ukurasa mzima asiambulie maana. Akishajua kusoma Kiswahili, mzigo hupungua sana.

Neno «Montessori», yaani mfumo ambao mtoto hujifunza kwa kushika vifaa anavyojichagulia, halina mwenyewe likiwa kwenye kibao. Yeyote anaweza kuliandika. Angalia kama vifaa viko kwenye rafu mtoto anazozifikia, au vimefungiwa kabatini visichafuke.

Idadi ya watoto ni muhimu (uwiano wa serikali ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45), lakini darasa la 60 lililogawanywa kwa viwango vya usomaji ni afadhali kuliko la 25 linaloitikia kutwa nzima. La mwisho: nani anafundisha darasa la kwanza? Shule nyingi huwapeleka walimu wao bora darasa la saba kwa ajili ya mtihani, na wadogo wakaachiwa mgeni wa kazi. Uliza jina lake, uliza amekaa darasa hilo miaka mingapi, kisha umwombe muongee naye yeye, siyo mkuu wa shule.