Mluzi kwanza, intakula baadaye

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Kigoma, nina Subaru Forester ya turbo ya mwaka 2004, injini EJ205, intakula yake (kile kifaa cha kupoza hewa inayosukumwa na turbo kwenda kwenye injini) ni ile inayokaa juu ya injini, chini ya tundu la boneti. Mara mbili kwa mwezi naenda nayo Tabora. Asubuhi gari linavuta vizuri. Jua likishapanda, nikiwa nimeipita Uvinza, nikikanyaga mafuta ili nilipite lori linakuwa zito, petroli linakula kuliko zamani, na nyuma naona moshi mweusi kidogo. Nasikia pia kamluzi linapovuta, zamani hakakuwepo. Fundi wangu anasema intakula ya juu "inachemka", nifunge kubwa ya mbele ya rejeta ili gari lipumue. Ameipata ya mtumba, pamoja na ufundi jumla milioni moja na laki sita, na nimeshatanguliza laki tatu. Naomba ushauri wa saizi tu: nichukue ya unene wa sentimita 7 au 10?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Saba au kumi nitakujibu huko mbele, lakini ugonjwa wa gari lako umeshautaja mwenyewe. Ni hako kamluzi.

Kwenye Forester yako sensa inayopima hewa imekaa karibu na eya klina, kabla ya turbo. Hewa ikishapimwa pale, kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inaamini kwamba yote itafika kwenye silinda, na inamwaga petroli kwa hesabu hiyo. Sasa hewa ikivujia njiani baada ya turbo, petroli iliyokwishapigiwa hesabu haipungui. Inazidi. Hapo ndipo unapata moshi mweusi, tenki linaisha mapema, na gari zito. Dalili zako zote tatu zimekaa kwenye sentensi moja, na ya nne, mluzi, ni sauti ya upepo wenyewe ukitoka kwenye ufa. Na kwa nini asubuhi gari ni zima? Kwa sababu mpira wa baridi umekaza na ufa umejifunga. Ukipata moto wa saa tano unalainika, turbo ikisukuma ufa unafunguka kama mdomo. Nimeshika mipira ya namna hiyo mara nyingi: kwa juu inaonekana mipya kabisa, ukiikunja kwa vidole upande wa chini, pale klipu inapobana, unaona mstari mweusi unaoingia hadi ndani, na pembeni mwake mafuta ya oili yameganda na vumbi.

Ufungiwe intakula kubwa kama meza na mpira ule ule ubaki, utakuwa na gari zito lenye intakula kubwa.

Hebu tupige hesabu, maana kwenye biashara hii hakuna anayempigia mteja hesabu. Hapa Tabora tupo kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, nyinyi huko ziwani mko kwenye mita 773. Kwa mwinuko wetu kanieneo (presha) ya hewa ni kama kilopaskali 88, wakati pwani ni 101. Turbo ikiongeza kilopaskali 80 juu ya hapo, siku ya Oktoba yenye nyuzi 33, hewa inayotoka kwenye turbo ina joto la nyuzi 120 kwa makadirio, kwa sababu ukibana hewa inapata moto, kama pampu ya baiskeli inavyokuunguza mkono. Intakula ya kiwandani iliyo safi, yenye kuondoa asilimia 70 ya joto lililoongezeka, inaishusha hewa hiyo hadi nyuzi 59. Tuseme hiyo kubwa ni nzuri kweli na inaondoa asilimia 80. Utapata nyuzi 50. Tofauti ni nyuzi 9, na kwa uzito wa hewa inayoingia kwenye silinda hiyo haifiki asilimia 3. Hapo sijatoa presha utakayopoteza kwenye mabomba marefu ya kwenda mbele na kurudi. Milioni moja na laki sita kwa kitu ambacho mguu wako hautakisikia kwenye pedali.

Hesabu inabadilika ukipandisha presha ya turbo kwa kubadilisha programu ya kontroli boksi. Hapo joto linapanda haraka, injini inaanza kugonga, sensa ya kugonga inausikia mlio huo na kontroli boksi inarudisha nyuma taimingi ya cheche kuiokoa injini. Mwenye gari la namna hiyo anaihitaji intakula bora, tena kabla ya kugusa presha. Wewe gari lako liko kama lilivyotoka Japani.

Neno linalonichosha kuliko yote kwenye kazi hii ni hilo "kupumua". Kila wiki naletewa gari na mtu aliyeambiwa afunge kubwa, gari lipumue. Intakula haivuti hewa. Anayesukuma ni turbo, na intakula ni kizuizi kwenye njia ya turbo. Ni kizuizi chenye faida, lakini ni kizuizi. Nzuri inapoteza presha ya psi 1 hadi 2 turbo ikiwa inasukuma mwisho wake. Mbovu, au iliyoziba kwa ndani, inapoteza zaidi ya hapo, na turbo inalazimika kuzunguka zaidi ili kulipa deni, na ikizunguka zaidi inatoa hewa ya moto zaidi. Kwa hiyo unaweza ukafunga intakula kubwa ya bei ya kutupa, yenye njia finyu ndani, ukaishia na hewa ya moto kuliko ya zamani.

Na hapo ndipo swali lako la unene linapojibiwa. Upepo wa barabarani unapopenya kwenye unene wa sentimita 10, ukifika katikati umeshapata moto. Nusu ya nyuma inapozwa na upepo uliokwishachoka. Unachotafuta ni uso mpana unaokutana na upepo mbichi, wala si unene. Kwa hiyo kama siku moja utalazimika kufunga ya mbele, chukua ya 7 yenye uso mpana, tena ile ya mirija na mapezi mepesi inayoruhusu upepo kupita kwenda nyuma. Ile nzito ya pao na bamba inameza joto la ghafla vizuri, inamfaa mtu wa mbio fupi. Mtu wa kutoka Kigoma mpaka Tabora, mguu kwenye mafuta saa nyingi, ikishashiba joto inachelewa kulitoa.

Upepo kwenda nyuma, kwenda wapi? Kwenda kwenye kondensa ya AC, halafu kwenye rejeta. Hili watu hawaambiwi. Wengi wanaamini intakula inapoza injini kwa sababu ya jina lake. Inapoza hewa inayoingia kwenye injini, basi. Joto inalolitoa halipotei hewani kwa miujiza, linabebwa na upepo ule ule ambao rejeta yako inautegemea. Kwenye Forester, intakula ya juu ina tundu lake kwenye boneti na haigusi kabisa upepo wa rejeta. Ukiihamishia mbele umeitoa kwenye upepo wake na kuipeleka kwenye upepo wa mwenzake.

Aliletwa kwangu mzee mmoja na Hilux Surf ya dizeli, injini 1KZ-TE, ile ya awali isiyo na intakula. Gari lilikuwa linapandisha joto kwenye safari za Sikonge. Fundi mmoja akamwambia dawa ni intakula, akamfungia moja nene mbele ya rejeta, tena rejeta yenyewe ilikuwa imeziba tope la kutu. Wanaozijua 1KZ-TE wanajua zisichokipenda: joto. Silinda hedi zake zina sifa mbaya ya kupasuka. Alipoletwa kwangu akivutwa na lori, maji yalikuwa yanachemka kwenye tenki la akiba kama chai, na oili kwenye dipstiki imekuwa rangi ya maziwa. Kilichohitajika tangu mwanzo ni kusafisha rejeta na kuangalia feni. Mzee yule aliuza ng'ombe kununua hedi. Sijaacha kulifikiria gari lile, ndiyo maana nakuandikia kwa urefu huu.

Sasa kazi yako. Kabla ya chochote, fungua boneti na uangalie kwa chini, pale kwenye tundu. Kuna mfereji wa plastiki wenye sponji au mpira pembeni, kazi yake ni kuhakikisha upepo unaoingia kwenye tundu unapita ndani ya intakula na hauzungukii pembeni. Kwenye magari mengi ya mtumba yanayokuja kwangu sponji hiyo imeoza au imetolewa. Bila hiyo upepo mwingi unaikimbia intakula. Kisha tazama mapezi kwa tochi. Huku kwetu watu wanaegesha chini ya miembe, na wakati miembe ikichanua maua yote yanaishia kwenye tundu la boneti. Mvua za kwanza zikija, kumbikumbi nao wanaingia. Niliwahi kutoa kwenye Forester moja mchanganyiko wa maua makavu na mbawa za kumbikumbi ulioshikamana na vumbi kama mkate, umefunika theluthi ya uso. Mwenye gari naye alikuwa ameshaambiwa anunue kubwa. Safisha kwa brashi laini na maji ya kumwagilia tu. Mashine ya kuoshea magari ikielekezwa pale mapezi yote yatalala kama nyasi.

Kisha kipimo cha mluzi. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, chomoa mpira unaoingia kwenye turbo, ziba mdomo wa turbo kwa kizibo cha bomba la plastiki ulichokitoboa na kukifunga valvu ya tairi, na ukibane kwa klipu. Usikae mbele ya kizibo. Mtu wa upepo wa matairi aingize psi 10 taratibu, asipite 15. Pulizia maji ya sabuni kwenye kila maungio: turbo na intakula, intakula na throto, na kwenye gasketi ya ile vali inayorudisha hewa kabla ya turbo. Povu litakuonyesha. Sauti hafifu kutoka ndani ya injini ni kawaida, kuna vali zilizo wazi. Povu linalovimba kwenye mpira si kawaida. Mpira mpya na klipu madhubuti ni sehemu ndogo sana ya pesa unayotaka kutoa. Na fundi anayekataa kufanya kipimo hiki cha nusu saa, akitaka kwanza kuuza kitu, ni kishoka, hata kama gereji yake ina bango.

Kwa kuwa nimeitaja ile vali ya kurudisha hewa: vijana wanaiondoa na kufunga ya kumwaga hewa nje ili gari lipige "psss". Kwenye gari linalopima hewa kabla ya turbo, ni uvujaji ule ule unaokusumbua, ila huo umelipiwa. Usikubali.

Kuna la mwisho ambalo wauzaji wa hizi za mbele hulipitisha kimyakimya. Mara nyingi ili zikae kwenye Subaru, chuma cha ndani ya bampa kinakatwa au kinatolewa kabisa. Chuma kile ndicho kinachopokea pigo. Wewe unaijua barabara ya kwenda Kaliua na Urambo jioni, ng'ombe wanarudi zizini na hawasubiri honi. Chuma kikikatwa, kitakachompokea ng'ombe ni intakula, kondensa na rejeta, halafu miguu yako.

Kwa hiyo piga simu kwa huyo fundi leo, kabla hajaanza kukata. Mwambie unasubiri kipimo cha povu. Zile laki tatu ziombe zirudi. Akisema ameshazitumia kununua hiyo mtumba, akupe intakula yenyewe na risiti, uiuze wewe.