Nitie saini, au nimsikilize dada yangu?

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni mhasibu mkuu wa hoteli moja huku Nungwi, na kwa mshahara namshukuru Mungu. Wakuu wa idara tumeandika barua 'kwa niaba ya wafanyakazi wote', tunaomba kiwango cha juu cha kodi ya mshahara kishuke kutoka asilimia 30 hadi 25. Dada yangu, muuguzi Wete, kasikia na ananiita mchoyo. Mimi nasema hela hiyo nitawasaidia hao hao wa nyumbani Pemba. Tangu Mfungo Mosi hatusemezani. Nitie saini? – Mhasibu, Nungwi."

Marahaba, mwanangu. Kutaka hela si dhambi, na kwa hilo dada yako kakuonea kidogo.

Ila wewe ni mhasibu, basi tuhesabu. Tuseme milioni 4 za mshahara wako zimo kwenye kile kipande cha juu kinachokatwa asilimia 30. Mkikubaliwa, unapata laki mbili zaidi kila mwezi. Msafisha vyumba wa hapo kwenu je? Hata shilingi, maana mshahara wake hauifikii asilimia 30. Na sabuni anayonunua ina kodi ya ongezeko la thamani, huku kwetu asilimia 15, sawasawa na yako. Sasa hao "wafanyakazi wote" ni nani?

Unasema utawasaidia nyumbani. Nakuamini. Lakini msaada wako utamchagua mtu: ami yako atapata, jirani yake hatapata. Na huyo ami atakuja kwako akizungusha maneno, aulizie watoto, aulizie mvua, ndipo aitaje shida yake. Hospitali ya Wete, inayoendeshwa kwa kodi, anapanga foleni kama wenzake, hamwombi mtu. Elimu bila malipo iliyotangazwa Septemba 1964 iliwasomesha watu wasiokuwa na mjomba mhasibu, na sitashangaa wazee wako wakiwa miongoni mwao.

Utanambia hela za kodi zinaliwa. Basi ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zipo, zisomeni na mumbane mwakilishi wenu. Wahasibu mnaliweza hilo kuliko sisi.

Barua hiyo usiitie saini kama ilivyo. Waambie wenzako muombe kile kiasi cha chini cha mshahara kisichokatwa kodi kipandishwe. Hapo anapata msafisha vyumba, anapata dada yako, na wewe pia unapata, kwa kuwa kila mtu huanzia kipande hicho hicho. Na muielekeze Dodoma: kodi ya mapato ni jambo la Muungano, Baraza la Wawakilishi hapa Chukwani haliibadilishi. Wakiing'ang'ania 25 yao, wafute "wafanyakazi wote" waandike "sisi wakuu wa idara". Tuone wangapi watabaki na kalamu mkononi.

Dada yako mpigie leo. Kodi usiitaje. Muulize zamu zake zinakwendaje, na umwache amalize.