Oili imeyeyuka au imebebwa?

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Kisumu. Kikundi chetu kinaandaa bango la Lwang'ni, pale magari yanapooshewa ufuoni. Niliandika, "Sabuni huyeyusha oili ikaingia ziwani." Mwenzangu aliyesomea kemia amefuta, akaandika, "Sabuni huongeza umumunyifu dhahiri wa oili." Tumevutana wiki nzima. Nani kakosea?

JIBU: Nyote wawili, na kosa la mwenzako ndilo tamu zaidi.

Tuanze na lako. Sukari nguru ikiwekwa kwenye sufuria kavu motoni, huyeyuka. Ikitiwa kwenye uji, vilevile twasema imeyeyuka. Baadhi ya wanasayansi wakaona heri watenganishe: ya moto wakaiachia "yeyuka", ya majini wakaipa "mumunyika", kutokana na mumunya, kile anachokifanya babu asiye na meno na kipande hichohicho cha sukari nguru. Ndiko yalikotoka maneno mmumunyo na umumunyifu, yaani uwezo wa kitu kumumunyika. Mimi sina ugomvi na "yeyuka" ya mtaani. Ninachohofia ni maana yake ya tatu: "Pesa za chama zimeyeyuka." Msomaji wa bango atadhani oili imetoweka.

Haijatoweka. Kila molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Sabuni ikiwa kidogo, molekuli hizo hutawanyika tu. Ikipita kiwango fulani (kwa sodiamu dodesili salfeti, iliyomo katika shampuu nyingi, ni kama gramu 2.3 kwa lita ya maji safi), hujikusanya kuwa vifurushi viitwavyo miseli: mikia ndani, vichwa nje. Oili hujificha humo kwenye mikia. Hata DDT, dawa ya kuua wadudu ambayo lita nzima ya maji matupu hupokea mikrogramu chache tu, kiasi chake hupanda kadiri miseli zinavyoongezeka. Maji hayajaanza kuipenda DDT. Yamepata wachukuzi.

Kwa hiyo, vikitaja umumunyifu wa namna hii, vitabu vya kemia vya Kiingereza huongeza neno lenye maana ya "huonekana hivyo, lakini sivyo hasa". Mwenzako akalifasiri "dhahiri". Lakini dhahiri ni jambo lisilo na shaka. Hata uongo dhahiri ni uongo kamili. Sentensi yake basi inaapa kwamba oili imemumunyika kwelikweli, kinyume kabisa cha alichokusudia! Katika ripoti ningeandika "umumunyifu unaopimwa". Halina utamu, ila halidanganyi.

Bango ni kitu kingine. Litasomwa na dereva wa matatu anayesubiri gari likaushwe, naye hana haja na umumunyifu wa aina yoyote. Andikeni: "Sabuni huibeba oili hadi ziwani." Na nafasi ikibaki, mstari wa pili: "Na huko huitua." Maana povu la ndoo likishachanganyika na maji mengi ya ziwa, miseli huvunjika, na mzigo hubaki hukohuko.