Kiitaliano kwa nyimbo za kuachana na kurudiana: anza na vitenzi

Mkuu, umeuliza kama nyimbo za Kiitaliano za mapenzi ya vurugu zinaweza kukuongezea msamiati. Zinaweza, ila usianze na majina. Cuore (moyo), amore (mapenzi) na notte (usiku) utazishika bila jasho, kila wimbo unazo. Mali iko kwenye vitenzi vya ugomvi wa mimi na wewe, na hapo mwenye Kiswahili ana mtaji.

Kwenye "nakupenda", ile -ku- inambeba mpendwa. Kiitaliano kinaitoa nje na kuitanguliza: ti amo, ti lascio (nakuacha), mi lasci (unaniacha). Ukiamuru au kuomba, inahamia mkiani: dimmi (niambie), ascoltami (nisikilize), perdonami (nisamehe), non lasciarmi (usiniache).

Kinachowatesa wengi ni me ne vado, te ne vai, se ne va. Wanaojifunza kupitia Kiingereza huishia kukariri tu, kumbe sisi tunayo: naenda zangu, unaenda zako, anaenda zake. Ameshaondoka? Se n'è andato kwa mwanaume, se n'è andata kwa mwanamke. La solitudine ya mwimbaji Mwitaliano Laura Pausini, iliyoshinda kundi la wasanii chipukizi kwenye tamasha la nyimbo la Sanremo 1993, inafungua na kitenzi hichohicho, halafu inakupa treno (treni), scuola (shule) na banco (dawati). Ni ya taratibu, inafaa kuanzia.

Mtego mwingine ni mi manchi. Usiitafsiri kwa "nimekumiss", maana mtenda hapo ni yule asiyekuwepo. Fikiria "unanipungukia". Ukisema ti manco, umemwambia kuwa yeye ndiye anayekukumbuka wewe, na hiyo ni kujisifu! Mi piaci nayo ni "unanipendeza", muundo uleule.

Wimbo mmoja kwa wiki unatosha. Usikilize mara mbili bila kusoma maneno yake, andika ulichonasa hata kama ni vipande. Kisha fungua maneno, chagua vifungu 8 tu, hakikisha maana kwenye kamusi ya Treccani iliyoko mtandaoni, na uandike kifungu kizima kwenye kadi, si neno moja. Hatua ambayo watu huiruka ni ya kukigeuza: mi hai mentito (umenidanganya) kiwe ti ho mentito (nimekudanganya), kisha le ho mentito (nimemdanganya yule mwanamke). Bila hiyo utajua kuimba tu. Na kama mwimbaji ni mwanaume na wewe ni mwanamke, sono stanco (nimechoka) yake kwako ni sono stanca.

Usishangae kukosa neno kwenye kamusi. Waimbaji hukata irabu ya mwisho ili mapigo yakae: cuor ni cuore, amor ni amore, vuol ni vuole (anataka). Pia irabu mbili zinazokutana huunganishwa, ti amo ancora (bado nakupenda) ikasikika kama neno moja. Punguza kasi ya wimbo hadi 0.75 utazitenganisha.

Konsonanti pacha ndizo zinazotuumbua, kwa kuwa hatuna mazoea nazo. Sono ni "mimi ni", sonno ni usingizi. Rosa ni waridi, rossa ni nyekundu. Ukiziiga toka kwenye wimbo, sema sentensi hiyohiyo tena bila muziki, kwa sababu mdundo huvuta sauti ovyo. Chunguza pia alama, kwani maneno yanayobandikwa na mashabiki huziacha: e ni "na", è ni "ni".

Halafu usibebe kila kitu toka wimboni hadi sokoni. Addio ni kwaheri nzito ya kutoonana tena. Muuza mboga mwambie arrivederci (tutaonana). Na mama au rafiki huambiwa ti voglio bene (nakupenda, kwa upendo usio wa kimapenzi), si ti amo. Ndiyo maana kwenye nyimbo hizi, mpenzi akishuka toka ti amo hadi ti voglio bene, ujue mwenzake ameshaambiwa "nakupenda kama dada yangu".