Pafyumu ya karafuu imegeuka kama tui, tatizo si mafuta

Dada uliyeuliza, umesema ulitia mafuta ya karafuu kwenye spiriti ya famasi ya asilimia 70 ikatulia safi kabisa, ukaongeza marashi kupunguza ukali, mara chupa nzima ikawa nyeupe kama tui, sasa unahisi umeuziwa feki. Hujauziwa feki. Yalinkuta mie hapa Chake, Pemba, nilipoanza kufanya pafyumu za kuuza, chupa kumi kwa mpigo, nikaenda kugombana na muuza mafuta wa watu bure, mpaka leo nikimuona namkwepa.

Iko hivi. Ethanoli, ndo hiyo spiriti yenyewe, ni molekuli ndogo, kaboni mbili na OH (oksijeni na hidrojeni) mwishoni, upande wa kaboni unaelewana na mafuta, upande wa OH unaelewana na maji, ndo maana inaweza kuwaweka pamoja wasiopikika chungu kimoja. Mafuta ya karafuu (na ya makonyo, vile vikonyo vyake, vilevile) sehemu kubwa ni yujenoli, kemikali inayoyapa harufu, na hiyo na maji haziivani. Spiriti ikiwa kali inayashika mafuta, lakini ukitia marashi umetia maji, maana marashi mengi yake ni maji tu yenye harufu ya waridi, basi spiriti inashikana na maji inayaacha mafuta, yanajikusanya vitone vidogo mnooo, mwanga ukipita unatawanyika ndo unaona weupe. Tui la nazi si ndo hivyohivyo, mafuta yamo majini wala hayajayeyuka.

Tafuta ya 96. Usihangaike kutafuta ya 100, spiriti na maji yakishafika kwenye 96 yanachemka pamoja kwenye nyuzi 78 hivi, kwa hiyo kuchemsha peke yake hakuwezi kuyatenganisha zaidi. Ile 70 si mbovu, kazi yake ni mikono na kusafisha ngozi kabla ya sindano, na huko inaishinda 96, kwa sababu maji yanaisaidia kupenya ndani ya kijidudu wakati 96 inagandisha nje tu halafu inaruka. Na ukichanganya mililita 50 za spiriti na 50 za maji utapata mililita 96 au 97, si 100, usimsingizie mtoto kamwaga.

Kitu kimoja usijaribu hata kwa bahati mbaya: spiriti ya rangi, ile ya kuwashia karabai. Huwa inatiwa methanoli makusudi watu wasinywe, na methanoli mwilini inageuka asidi inayoua mshipa wa macho, na inapita hata kwenye ngozi. Rahisi kweli, ila sio ya kujipaka.

Na jiko la mkaa liwe mbali, mvuke wa spiriti unashika moto kwa joto letu hili la kawaida, moto wenyewe wa buluu hafifu mchana huuoni. Mie niliujua baada ya kuona kanga inakunjamana yenyewe mezani.

Mambo ya kuswali nayo muulize sheikhe wako, mie hapo simo.

Hilo tui lako usimwage, tia 96 kidogokidogo huku unatikisa, kuna pahala litasafika ghafla, langu lilisafika chupa tisa. Ya kumi nilishaimwaga kwa hasira.