Flashi na akaunti zako kwenye kompyuta ya steshenari

Kompyuta ya steshenari iliyo jirani na chuo au ofisi ya kata huchomekwa flashi za kila aina kuanzia asubuhi: ripoti ya mafunzo kwa vitendo, mtihani wa muhula, barua ya maombi ya kazi, kopi ya hati ya kiwanja. Mara nyingi Windows yake ni ya zamani. Windows 7 iliacha kupata marekebisho ya usalama Januari 14, 2020, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025. Juu ya hapo, Word na Excel zilizomo huwa zimewekwa kwa programu ya kuvunja leseni, ambayo kwa kawaida hudai kwanza uzime Defender, yaani kinga iliyokuja na Windows yenyewe. Ikishazimwa, haiwashwi tena. Mhudumu hana nia mbaya na huenda hata hajui, lakini mashine yake iko wazi, na mteja anayeingia na flashi moja yenye kila kitu chake, kisha akafungua barua pepe kwenye kivinjari cha hapo, huondoka na virusi na huku ameacha akaunti yake.

Virusi vya shotikati

Hivi ndivyo vinavyosumbua zaidi. Unafungua flashi, folda zote zina kimshale kidogo pembeni. Ukitazama safu ya "Type" husomi "File folder" bali "Shortcut", na ukubwa wake ni KB 1 au 2 tu. Kilichotokea ni kwamba folda zako halisi zimepewa alama mbili, ya kufichwa na ya faili la mfumo, kisha mahali pake vikawekwa vimshale vyenye majina yaleyale. Ukibofya kimshale, folda yako inafunguka kweli, ndiyo maana wengi hawashtuki. Ila kabla haijafunguka, faili dogo la amri, la .vbs au .js, lililofichwa humohumo limeshawashwa. Linajinakili kwenye kompyuta, linajipanga kuwaka kila Windows inapowaka, na linasubiri flashi inayofuata.

Zamani flashi ilikuwa inajiendesha yenyewe ikichomekwa. Microsoft iliifungia njia hiyo mwaka 2011, na tangu hapo virusi vya namna hii vinategemea kidole chako kibofye.

Kwa hiyo faili zako zipo. Mhudumu akisema dawa yake ni kufomati, mwombe asubiri. Bofya kitufe cha kulia juu ya flashi, chagua "Properties", uangalie nafasi iliyotumika. Kama ilikuwa GB 3 jana na leo bado ni GB 3, hakuna kilichopotea.

Kosa linalorudiwa sana ni kusafisha flashi kwanza kwenye kompyuta ambayo yenyewe ina virusi. Unafuta vimshale, vinarudi ndani ya sekunde chache, unafuta tena, vinarudi. Anza na kompyuta. Toa flashi, fungua "Windows Security", nenda "Virus & threat protection", kisha "Scan options", chagua "Microsoft Defender Offline scan" na ubonyeze "Scan now". Hifadhi kazi zako kwanza, maana mashine itajizima na kujiwasha ili ikague kabla Windows haijaamka, na zoezi lote huchukua kama dakika 15. Ukaguzi wa kawaida mara nyingine hushindwa kwa sababu virusi viko hai wakati vinatafutwa. Kama Defender haiwaki kabisa, hiyo si kompyuta ya kusafishia flashi, tafuta nyingine.

Sasa chomeka flashi, na usibofye chochote kilichomo. Angalia imepewa herufi gani. Tuseme ni E. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, bonyeza Enter. Kwenye dirisha jeusi andika E: kisha Enter, halafu mstari huu:

attrib -s -h -r /s /d *.*

Kuna nafasi kabla ya kila alama ya kutoa, kabla ya kila mkwaju, na kabla ya nyota ya kwanza. Ukizibana, amri inakataa. Herufi s, h na r zinaondoa alama za mfumo, kufichwa na kusomwa tu. /S inaingia kwenye folda za ndani, na /d inazigusa folda zenyewe. Wengi husahau /d, wakaona faili moja moja zimerudi huku folda bado hazionekani. Flashi yenye mafaili mengi inaweza kuchukua dakika kadhaa bila kuandika chochote kwenye skrini, acha imalize. Ukiambiwa "Access denied" kuhusu "System Volume Information", puuza. Folda hiyo huundwa na Windows yenyewe na si kirusi, ingawa ikionekana kwa mara ya kwanza watu huishuku.

Baadhi ya virusi hukusanya kila kitu na kukitia kwenye folda moja isiyo na jina, ambayo inaonekana kama picha ya folda tupu. Ukiikuta, usiifute. Mafaili yako yamo humo.

Kabla ya kunakili, washa maonyesho ya vimalizio vya majina: kwenye Windows 10 ni "View" kisha tiki "File name extensions", kwenye Windows 11 ni "View", "Show", halafu "File name extensions". Bila hivyo faili linaloitwa Barua.pdf.exe litaonekana kama Barua.pdf. Nakili hati, picha na video zako kwenye kompyuta iliyosafishwa. Vimshale (.lnk), mafaili yenye vimalizio vya .vbs, .js, .scr na .exe usiyojua yalikotoka, pamoja na autorun.inf, viache palepale. Ukimaliza, fomati flashi. Kati ya miundo ya kufomati, FAT32 inasomwa na karibu kila kifaa lakini haipokei faili moja la GB 4 au zaidi. ExFAT inapokea, ila baadhi ya redio, televisheni na printa za zamani haziisomi.

Na kama tayari imefomatiwa kwa haraka? Fomati ya haraka haifuti data yote, inafuta orodha ya kilichomo. Usiandike chochote kwenye flashi hiyo. Tumia programu ya bure kama PhotoRec, na uelekeze mafaili yanayookolewa kwenye diski nyingine, kwa sababu ukiyarudisha kwenye flashi ileile unafukia unachokitafuta. Mengi hurudi bila majina, kwa hiyo jiandae kufungua moja moja.

Kuzuia ni rahisi kuliko haya yote. Usiende kuprinti na flashi yenye picha za familia, mafaili ya kazi na tasnifu. Nunua nyingine ndogo ya kuprintia tu, weka PDF unayohitaji siku hiyo, na ukirudi nyumbani ifomati kabla hujafungua kitu. PDF, si Word: kompyuta ya steshenari ikikosa fonti uliyotumia inaweka nyingine, mistari inasogea, kurasa 12 zinakuwa 13 na jedwali linakatika katikati. Njia nyingine ni kadi ya kumbukumbu ya simu ndani ya adapta kubwa yenye kiswichi pembeni. Kisukume kielekee "Lock", kisha tumia kisomeo cha USB. Kiswichi hakikati umeme wowote, kinakiambia kisomeo kisiandike, na visomeo vingi hutii. Jaribu kwanza nyumbani: kikikubali kunakili faili kwenye kadi iliyofungwa, hicho hakikufai.

Barua pepe na WhatsApp

Ukilazimika kufungua barua pepe pale, fungua dirisha la faragha: Ctrl, Shift na N kwenye Chrome au Edge, Ctrl, Shift na P kwenye Firefox. Ukifunga madirisha yote ya faragha, kuingia kwako kunafutika. Kivinjari kikiuliza kama kihifadhi neno la siri, kataa. Fahamu pia mipaka yake. Faili ulilopakua linabaki kwenye "Downloads" hata kama dirisha lilikuwa la faragha, na programu inayonasa herufi unazobonyeza haijali aina ya dirisha. PDF iprinti moja kwa moja kutoka kwenye barua pepe bila kuipakua. Kama umepakua, ifute kwa Shift na Delete pamoja, ili isiishie kwenye "Recycle Bin". Akaunti ya benki usiifungue kwenye mashine hiyo kwa hali yoyote.

Uliondoka bila kutoka kwenye akaunti? Huna haja ya kurudi. Kwa simu yako ingia myaccount.google.com, sehemu ya "Security", kisha "Your devices", chagua kompyuta usiyoitambua na bonyeza "Sign out". Halafu badilisha neno la siri.

WhatsApp husahaulika zaidi. Mtu anaskani msimbo ili atume faili kwenye kompyuta ya duka, anaprinti, anaondoka, na mazungumzo yake yanabaki wazi kwa mteja anayefuata. Simu yako kuwa mbali haikusaidii, maana kifaa kilichounganishwa kinaendelea bila simu. Hujitoa chenyewe simu isipotumika kwa siku 14. Fungua WhatsApp, nenda "Linked devices", gusa jina la kifaa, chagua "Log out". Fanya hivi sasa hivi hata kama huna wasiwasi, utashangaa kilichomo.

Ukimtumia mhudumu faili kwa namba ya duka, litume kama "Document", kwa sababu picha ya kawaida hubanwa na maandishi ya cheti huwa na ukungu. Ukilifuta baadaye kwa wote, una muda wa siku mbili na ushee tu, na kufuta huko hakugusi nakala iliyokwisha kupakuliwa kwenye kompyuta.

Akaunti uliyofunguliwa na mhudumu

Hapa ndipo hasara kubwa ilipo, na haizungumzwi vya kutosha. Kwa Tanzania maombi ya mkopo wa elimu ya juu wa HESLB na Ajira Portal, na kwa Kenya eCitizen na iTax, yote yanataka barua pepe. Mteja hana, mhudumu anamfungulia. Kwa haraka anaweka neno la siri analoweka kwa kila mteja, na namba ya simu ya duka ili ujumbe wa uthibitisho umfikie yeye. Mwaka unaofuata mteja anataka kuingia tena, msimbo unakwenda kwenye simu ya mhudumu aliyekwisha kuhama, au kwenye laini iliyofungwa na kupewa mtu mwingine.

Sema mapema: "Dada, naomba kwenye namba weka hii yangu, na neno la siri nitaandika mwenyewe." Hakuna anayekasirika. Kama akaunti ilishafunguliwa hivyo, ingia ungali na uwezo wa kuingia, badilisha namba ya kurejesha akaunti, ondoa barua pepe ya duka ikiwapo, kisha neno la siri, kwa mpangilio huo. Washa uthibitisho wa hatua mbili na uchukue misimbo ya akiba. Google hutoa 10, kila mmoja wa tarakimu 8 na wa kutumika mara moja. Iandike kwenye karatasi ikae na vyeti vyako. Ukipoteza simu, hiyo ndiyo itakayokurudisha.

Neno la siri lisiwe tarehe ya kuzaliwa. Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Kila anayetoa kopi ya kitambulisho chako anazisoma bila kutafuta. Hivyo hivyo kwa namba ya siri ya pesa mtandaoni: mwaka wa kuzaliwa umeandikwa kwenye kopi uliyoiacha kaunta. Chagua maneno manne yasiyohusiana, yaunganishe, uongeze namba isiyokuhusu.

Kopi zenyewe nazo zina dawa. Andika kwa kalamu, ukikatiza juu ya kitambulisho lakini bila kufunika namba: "Kwa maombi ya mkopo tu" na tarehe. Kopi zilizoharibika dai uondoke nazo. Na mara moja moja piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwenye duka la mtandao husika na kitambulisho mkononi waifute.

Kwa mwenye steshenari

Wateja watumie akaunti ya kawaida ya Windows, isiyo ya msimamizi. Kwenye "Settings", "System", "Storage", washa "Storage Sense" na uweke "Downloads" ijifute baada ya siku 1, ila hakikisha kazi zako mwenyewe haziko humo. Virusi vya shotikati vingi huhitaji kiwashio cha mafaili ya amri cha Windows (Windows Script Host), na steshenari nyingi hazina matumizi nacho. Fungua regedit, yaani kihariri cha rejista ya Windows, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE, Software, Microsoft, Windows Script Host, Settings, unda thamani ya DWORD iitwayo Enabled, uipe 0. Kuanzia hapo faili la .vbs likibofywa litaleta ujumbe kwamba kiwashio kimezimwa, badala ya kuambukiza. Ukihitaji kukirudisha, weka 1.