Anayesubiri figo msimkimbizie chupa ya damu

Mleta uzi, simama hapo hapo. Hiyo chupa ya Ijumaa isiingie kabla hujasoma hadi chini.

Umeandika mdogo wako ana miaka 22, figo zote zimekufa, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki na dada yenu amejitolea kumpa figo. Sawa. Halafu ukatupia katikati, kama jambo dogo tu, kwamba kiwango cha damu kimeshuka hadi 7.2, anatembea na anakula ila anachoka, kwa hiyo ndugu mmekubaliana Ijumaa aongezewe damu "apate nguvu", na dada huyo huyo ndiye atakayemchangia. Mkuu, nilipofika hapo niliweka simu chini. Hapo ndipo nilipozama mimi.

Nina miaka 27. Figo zilikufa nikiwa na 23. Presha ilizila kimyakimya huku nikidhani kichwa kinauma kwa jua la Mbagala. Sasa elewa: figo ndizo zinazotoa homoni ya kuuamuru uboho utengeneze damu. Zikifa, damu inashuka hata ule maini ya ng'ombe mzima. Tiba yake ni sindano ya erithropoetini pamoja na madini ya chuma. Niliandikiwa. Sikuchoma.

Kisa? Kwenye kituo nilichokuwa nasafishia alikuwepo bwana mmoja wa koti jeupe, mdomo mtamu kama dalali wa viwanja. Akaniambia, "Dogo, sindano inauzwa, damu ni bure. Ita washikaji wachangie, wiki ijayo unacheza mpira." Kwa hesabu zangu za mfukoni nikaona huyu ndiye mwenzangu. Ikawa kila damu ikishuka nakusanya watu wa kijiweni, chupa inaingia. Miezi 14, chupa saba. Na kweli, siku nne za kwanza unajiona unaweza kupangwa Taifa Stars.

Akaja kaka yangu anipe figo, wote kundi la damu O. Akapimwa figo, moyo, ini, sukari, akapita kote. Aliacha hadi bia, na ungemjua kaka yangu ungeelewa huo ni msiba wa aina gani. Kikabaki kipimo cha mwisho, cha kukutanisha damu: wanachukua maji ya damu yako wanayachanganya na chembe nyeupe za mtoaji. Yangu yakazivamia za kaka kama nyuki waliochokozwa. Kikasoma chanya, na kwenye kipimo hicho chanya ndiyo mbaya.

Daktari akaniuliza nimeongezewa damu mara ngapi, akasema wanawake wengine hupata kingamwili hizo, yaani askari wa mwili wanaovamia chembe za mtu mwingine, kwa kubeba mimba. Nikamjibu mimba sijabeba, labda hizo chupa saba ndiyo watoto wangu. Nilicheka peke yangu. Kaka alikuwa anaangalia viatu vyake.

Kila chupa inakuja na chembe za mtu mwingine. Mwili unazisoma, unatengeneza kingamwili za kuzipiga, na hizo zinaweza kukaa miaka. Siku figo ya ndugu inakuja na alama zinazofanana na za chembe hizo, inakuta jeshi limeshajipanga. Sasa wewe unataka kumwekea damu ya dada yule yule mwenye figo! Ni kuufundisha mwili wake kumchukia mtu mmoja, na mtu huyo ndiye mliyenaye.

Na usidhani kuna foleni ya kusogea. Huku kwetu figo inatoka kwa ndugu aliye hai. Mimi ndugu wa pili ana kisukari, kwa hiyo mwaka wa nne huu nasubiri, mishipa ya mkono imetuna kama mizizi ya mwembe. Yule bwana wa koti jeupe nilikutana naye mwaka jana, akanipiga begani, "Bado unasafisha tu?" Nilimeza mate, na mimi hata maji ya kunywa napimiwa kwa siku.

Kwa hiyo kabla ya chupa yoyote, daktari wa figo aulizwe. Si wa zamu, si mjomba, daktari wa figo. Aambiwe kijana anasubiri kupandikizwa, aulizwe kama sindano na chuma vimeshindwa kweli. Akisema lazima, ombeni damu iliyochujwa chembe nyeupe kama ipo. Inapunguza hatari, haiiondoi. Lakini akiwa anavuja damu au pumzi inamkata, aongezewe hapo hapo. Msije mkamwua mtoto wa watu kwa ajili ya uzi wangu.

Uliuliza pia kuhusu kumpeleka India kupandikizwa. Upandikizaji unafanyika hapa hapa, Muhimbili tangu 2017, Benjamin Mkapa Dodoma tangu 2018, anzeni huko. Kwenye chakula, madafu na ndizi akae navyo mbali, potasiamu inasimamisha moyo. Kwa gharama nitarudi, kesho nina mashine ya kusafisha damu alfajiri.

Nijibu hili kwanza: dada yake ameshatoa hiyo damu, au bado?